Mpango wa Biashara: Andika Kabla ya Kuchanganya Fedha



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, muhula uliopita kamati ya maarifa ya jumuiya yetu hapa Mbale ilinipa mipango sita ya biashara niisome. Iliandikwa na wanachama wanaokaribia kuhitimu. Mmoja alitaka kufungua stesheneri, wawili walitaka kuuza nguo za sitara, mmoja kufuga kuku wa mayai, mmoja kupika chapati, na mmoja kupanua duka la baba yake. Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si wa biashara, kwa hiyo niliombwa niangalie upande wa fiqhi peke yake: je, kuna riba ndani yake, je, bidhaa ni halali?

Bidhaa zote zilikuwa halali. Lakini katika mipango yote sita nilikosa ukurasa mmoja, ule unaosema faida ikipatikana itagawanywa vipi na hasara ikitokea itabebwa na nani. Na wote sita walikuwa wanategemea fedha za mtu mwingine: mjomba, dada aliyeolewa, rafiki wa chumba kimoja, au kikundi cha akina mama cha mzazi. Walieleza vizuri dira na malengo yao. Mwenye fedha hakuelezwa chochote kuhusu fedha yake.

Somo letu la leo ni hilo. Mpango wa biashara, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita pia mchanganuo wa biashara, wengi wetu tunauandika ili tupewe fedha, kisha tunaufungia kabatini. Ninachotaka tukielewe ni kwamba mpango ni ahadi ya maandishi baina yako na mwenye mali, na ni kioo cha kujihesabu wewe mwenyewe kila mwezi. Ukiuelewa hivyo, utauandika tofauti na utautumia tofauti.

1. JE, KUPANGA KUNAPINGANA NA KUMTEGEMEA ALLAH?

Swali hili huulizwa mara nyingi kwenye darsa zetu, hivyo tulimalize kwanza. Wapo wanaosema, "Riziki imeshaandikwa, hesabu zote hizi za nini?" Jibu tunalipata katika Suratu Yusuf, aya ya 47 mpaka 49. Nabii Yusuf (A.S.) alipoifasiri ndoto ya mfalme hakuishia kwenye tafsiri. Alitoa mpango wenye muda na hatua: miaka saba ya kulima mfululizo, mavuno yaachwe kwenye mashuke yake isipokuwa kiasi kidogo cha kula, kisha miaka saba migumu itakayokula akiba ile. Huyu ni Nabii anayepokea wahyi, na bado alihesabu miaka na akaweka akiba.

Vilevile katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutegemea, au amwachie na kutegemea. Aliamrishwa amfunge, kisha ategemee. Mpango wa biashara ni kamba ya ngamia. Haukuhakikishii faida, kwa sababu faida iko mikononi mwa Allah. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba ukipata hasara haikuwa kwa uzembe wako.

2. MPANGO UNA NINI NDANI YAKE?

Vitabu vya biashara vina orodha ndefu ya sura za mpango. Kwa anayeanza, zote zinarudi kwenye maswali sita:

(a) Tunauza nini, na kinamsaidia mteja kwa lipi?
(b) Mteja ni nani, wako wangapi, na sasa hivi wananunua wapi?
(c) Kazi itafanyika vipi: mahali, vifaa, wasambazaji, vibali?
(d) Nani atafanya nini, na kwa saa ngapi?
(e) Fedha: mtaji kiasi gani, gharama kiasi gani, mauzo kiasi gani, na lini?
(f) Makubaliano: mali ni ya nani, faida inagawanywa vipi, hasara ni ya nani, na tunaachana vipi?

Muhtasari wa ukurasa mmoja huwekwa mwanzo, lakini huandikwa mwisho, baada ya kujua majibu. Wenzetu wengi wanaanza na muhtasari, ndiyo maana unakuwa na maneno mengi na hesabu hauna.

Swali (b) ndilo linalorukwa kuliko yote. Tazameni alivyofanya Abdurrahman bin Auf (R.A.). Alipofika Madina akiwa muhajiri asiye na kitu, Mtume (S.A.W.) alimuunganisha udugu na Saad bin Rabii (R.A.), ambaye alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka, kisha akauliza liko wapi soko. Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqa, akaenda, akarudi na jibini na samli aliyoipata kwa kuuza na kununua. Kisa hiki kimo katika Sahihi Bukhari. Kabla ya kuzungumza habari ya mtaji, aliulizia soko.

Kwetu sisi kuulizia soko maana yake ni kwenda kusimama. Kama unataka kuuza chapati karibu na lango la hosteli, simama pale siku tatu tofauti, mojawapo iwe Ijumaa, asubuhi na jioni, ukiwa na daftari. Hesabu wanaopita, wanaonunua, wanaonunua mbili, na wanaogeuka kwa sababu muuzaji hana chenji. Andika namba ulizoziona. "Wanafunzi ni wengi" si utafiti wa soko.

3. HESABU: ZAYD NA AMRI WANAFUNGUA KIBANDA

Vitabu vya fiqhi vinapenda kutumia majina ya Zayd na Amri katika mifano, na mimi nitafuata njia hiyo hiyo. Namba zote nitakazotaja ni za mfano, kwa shilingi za Uganda. Wewe utaweka za kwako.

Tuchukulie Zayd ana shilingi 1,500,000 na hana muda. Amri anajua kupika chapati na hana fedha. Wanakubaliana kufungua kibanda nje ya chuo.

Chapati moja watauza kwa shilingi 1,000. Unga, mafuta, chumvi, mkaa na karatasi ya kufungia kwa chapati moja vinagharimu shilingi 600. Kwa hiyo kila chapati inabakiza shilingi 400. Hii bado si faida. Ni fedha inayokwenda kulipa gharama za kudumu, yaani zile zinazolipwa hata siku ambayo hamkuuza hata moja: kodi ya kibanda 150,000 kwa mwezi, msaidizi 180,000, maji na taa 40,000, usafi na ada za leseni 30,000. Jumla ni 400,000.

Sasa gawanya: 400,000 kwa 400 ni chapati 1,000. Hiyo ndiyo nukta ambayo hakuna faida wala hasara. Wakifanya kazi siku 25 kwa mwezi, ni chapati 40 kwa siku. Ya 41 ndiyo inayoanza kuleta faida. Kila mfanyabiashara mdogo anatakiwa kuijua namba hii kwa moyo kama anavyojua namba yake ya simu. Ukiona ni saa kumi jioni na mmeuza 28, unajua mko wapi.

Wakati wa muhula, tuseme wanauza chapati 90 kwa siku. Kwa mwezi ni 2,250. Mara 400 ni 900,000. Toa gharama za kudumu 400,000, inabaki faida 500,000. Zayd na Amri wanafurahi, na wanagawana yote.

Kisha chuo kinafungwa. Wanafunzi wanarudi Arua, Kigali, Bujumbura, Goma na Mwanza. Kibanda kinauza chapati 25 kwa siku, yaani 625 kwa mwezi. Mara 400 ni 250,000. Gharama za kudumu hazikwenda likizo, bado ni 400,000. Hasara ni 150,000 kwa mwezi, na likizo ya miezi miwili ni 300,000. Kama faida ya muhula ililiwa yote, hasara hii inakula mtaji wa Zayd, na chuo kinapofunguliwa hakuna fedha ya kununulia unga. Watu watasema biashara imerogwa, kumbe kalenda ya chuo haikuwekwa kwenye mpango.

Na kuna Ramadhani. Biashara ya chapati karibu na Waislamu inabadilika kabisa mwezi huo: mchana hakuna mteja, na jioni kabla ya adhana ya Magharibi wanakuja wote kwa pamoja. Mikono miwili na jiko moja haviwezi kuwahudumia. Na kwa kuwa mwezi wetu unafuata mwandamo, kila mwaka unarudi nyuma kwa siku kama 11 katika kalenda ya kawaida. Mwaka mmoja utaangukia muhula, mwaka mwingine likizo. Mpango wa miaka mitatu lazima uonyeshe hilo.

Kwa hiyo pamoja na hesabu ya faida, chora jedwali la mtiririko wa fedha: miezi 12 juu, na chini yake fedha inayoingia, inayotoka, na inayobaki mkononi mwisho wa kila mwezi. Biashara inaweza kuwa na faida kwenye karatasi na ikafa kwa kukosa fedha taslimu, kwa mfano mnapokopesha wateja wanaosubiri posho kutoka nyumbani. Miezi minne ya muhula iwalishe miezi miwili ya likizo. Hili ni somo lile lile la mashuke ya Nabii Yusuf (A.S.).

4. UKURASA UNAOSAHAULIWA: MAKUBALIANO

Makubaliano ya Zayd na Amri, yaani mmoja anatoa mali na mwingine anatoa kazi, yanaitwa katika fiqhi mudharaba, au qiradhi. Ni muamala wa zamani, na wanazuoni wamekubaliana juu ya uhalali wake. Mambo manne ni lazima yaandikwe.

Kwanza, faida igawanywe kwa sehemu, isiwe kiasi maalumu. Zayd anaweza kuchukua asilimia 40 na Amri 60, au nusu kwa nusu, au wanavyoridhiana. Haifai kuandika, "Zayd atapokea 200,000 kila mwezi." Kwa nini? Rafii bin Khadij (R.A.) amesimulia kwamba watu wa Madina walikuwa wakikodisha mashamba kwa sharti kwamba mazao ya upande huu ni ya mwenye shamba na ya upande ule ni ya mkulima. Mara nyingine upande mmoja ulizaa na mwingine haukuzaa, na Mtume (S.A.W.) akalikataza jambo hilo. Ukitenga kiasi maalumu umerudi pale pale: huenda mwezi huo faida yote ni hizo 200,000, na Amri akarudi nyumbani mikono mitupu baada ya kuamka saa kumi alfajiri kila siku.

Pili, hasara ya mali ni ya mwenye mali. Amri hasara yake ni jasho lake. Haifai kumshurutisha arudishe mtaji iwapo biashara itaanguka bila kosa lake. Lakini akifanya uzembe au akivunja masharti, mfano akachukua fedha ya unga akanunulia simu, hapo anadhamini. Kwa hiyo mpango lazima utaje mipaka: fedha hii ni ya chapati, haiendi kwenye biashara nyingine bila ruhusa, na mauzo ya mkopo hayazidi kiasi fulani. Mipaka isipoandikwa, neno "uzembe" kila mmoja atalifasiri anavyotaka.

Tatu, faida ni kinga ya mtaji. Wanachogawana kila mwezi ni malipo ya kutangulia tu. Ikija hasara, hujazwa kwanza kutoka kwenye faida, na hesabu ya mwisho hufanywa baada ya mtaji wa Zayd kutimia. Rudini kwenye mfano wetu. Muhula wa miezi minne umeleta faida 2,000,000, na likizo imeleta hasara 300,000. Faida ya kweli ni 1,700,000. Kwa 40 kwa 60, Zayd anapata 680,000 na Amri 1,020,000. Kama Amri alishachukua 1,200,000 wakati wa muhula, anadaiwa 180,000. Asiyejua kanuni hii ataona anaonewa. Aliyeisoma kwenye mpango kabla ya kuwasha jiko ataacha sehemu ya faida benki au kwenye pesa za simu mpaka likizo ipite.

Nne, namna ya kuachana. Mmoja akihitimu na kurudi kwao, mmoja akifariki, au mmoja akitaka kutoka: vifaa vitathaminiwaje, na nani ana haki ya kununua kwanza?

Kama wote wawili wametoa fedha, muamala unakuwa ni ushirika, na hapo pana ikhtilafu ya kuijua. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanaifuata, na pia ya Maliki, faida na hasara zote zinafuata kiwango cha mtaji wa kila mmoja. Katika madhehebu ya Hanafi na Hanbali, faida inaweza kugawanywa wanavyokubaliana, hasa mmoja anapofanya kazi zaidi, lakini hasara inabaki kufuata mtaji. Chagueni rai moja mapema, mkiwa na sheikh mnayemwamini, na muiandike. Msingoje mpaka fedha iwepo mezani, kwani hapo kila mtu atachagua madhehebu yenye faida kwake.

Kuna kisa katika Muwatta ya Imamu Malik kinachotufundisha kuuliza swali la hasara mapema. Abdullah na Ubaydullah, watoto wa Umar bin Khattab (R.A.), walikuwa wakirejea kutoka Iraq na jeshi. Wakampitia Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), gavana wa Basra, ambaye alikuwa na mali ya hazina ya kupeleka Madina. Akawakopesha wanunulie bidhaa za Iraq, wauze Madina, warudishe mtaji kwa Amirul-Muuminina na faida iwe yao. Umar aliuliza kama jeshi zima lilifanyiwa hivyo. Aliposikia hapana, akaamuru warudishe mtaji na faida. Abdullah alinyamaza. Ubaydullah akajenga hoja kwamba kama mali ingepotea, wao ndio wangeilipa. Mmoja wa waliokuwepo akapendekeza ifanywe qiradhi, na Umar akachukua mtaji na nusu ya faida, na wanawe wakachukua nusu.

Tazama mjadala ulivyozunguka kwenye swali moja: ingepotea, nani angelipa? Lile swali liliulizwa baada ya faida kupatikana, na hata katika nyumba ya Umar likaleta mvutano. Sisi tuliulize kabla.

5. MPANGO KWA BIASHARA ILIYOKWISHA KUSIMAMA

Wengine watasema, "Duka letu lina miaka 20, halijawahi kuwa na mpango, na tumesomeshwa kwalo." Alhamdulillah. Nami nimekulia Buyenzi, Bujumbura, mtaa wa gereji na maduka, na najua wazee wengi wanaoendesha biashara kwa kichwa bila karatasi. Kichwa cha mzee ni hazina kubwa, ila hakirithiwi. Jirani yetu mmoja, muuza spea, Allah amrehemu, alifariki akiwa na duka lililojaa. Kaka yake alisema nusu ya bidhaa ni yake, alitoa fedha zamani. Mtoto mkubwa alisema amefanya kazi miaka 9 bila mshahara kwa ahadi ya kupewa sehemu. Mjane hakujua lolote. Hakuna aliyeonekana kusema uongo, lakini hakuna aliyekuwa na maandishi. Mirathi ikakaa bila kugawanywa, na watu wanaoswali safu moja wakaacha kusalimiana.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni: lililo dogo na lililo kubwa, pamoja na muda wake, mwandishi aandike kwa uadilifu na mashahidi wawepo. Kwa biashara ya zamani, mpango unaanza hapo hapo. Mwenzetu anayetaka kupanua duka la baba yake nilimshauri aandike kwanza mambo haya:

- Vilivyomo dukani leo, na thamani yake.
- Tunaowadai na wanaotudai, kwa majina na tarehe.
- Nani alitoa mtaji, na je, ulikuwa zawadi, mkopo au ushirika?
- Watoto wanaofanya kazi dukani: ni waajiriwa, washirika, au wanamsaidia mzazi tu?
- Matumizi ya nyumbani yanayotoka kwenye droo ya duka kwa mwezi.

Baada ya hapo ndipo azungumzie tawi la pili. Ukipanua biashara usiyoijua hali yake, unapanua pia matatizo yake.

Karatasi hiyo hiyo itakusaidia katika Zaka. Mfanyabiashara akifikisha mwaka wake wa Hijria na nisabu ikiwa imetimia, anakadiria bidhaa za kuuza kwa bei ya soko ya siku hiyo, anajumlisha fedha taslimu na madeni anayotarajia kulipwa, kisha anatoa asilimia 2.5. Jiko, meza, mizani na friji havimo katika hesabu, kwa sababu haviuzwi. Asiye na orodha ya mali atakisia, na anayekisia haki ya maskini yuko hatarini. Weka tarehe ya Zaka kwenye mpango wako kama unavyoweka tarehe ya kodi.

6. KUUTUMIA MPANGO

Kila mwisho wa mwezi, Zayd na Amri wakae nusu saa na mpango mbele yao. Upande wa kulia waandike walichotarajia, upande wa kushoto kilichotokea. Walitarajia chapati 90, wameuza 70. Je, ni mvua? Unga umepanda? Amri anachelewa kufungua kwa sababu ya mitihani? Kila tofauti kubwa ipate sentensi moja ya sababu na sentensi moja ya hatua. Mpango ukionekana haulingani na hali halisi, urekebishwe kwa ridhaa ya wote wawili, kwa tarehe na sahihi. Kuurekebisha ndiyo kazi yake.

Dada mmoja kati ya wale wauza nguo za sitara aliniuliza, "Ustadhi, mshirika wangu ni rafiki yangu kipenzi. Nikimletea karatasi kila mwezi si ataona simuamini?" Nilimjibu kwamba mwandishi wa deni katika ile aya hakuwekwa kwa ajili ya wezi. Aya yenyewe imeanza kwa kuwaita walioamini, na ikaeleza kwamba kuandika ndiko kunakoweka mbali shaka. Anayempenda rafiki yake hamwachii mlango wa shaka.

7. MPANGO WA KUOMBEA FEDHA

Ukifika wakati wa kuomba fedha nje, jueni kwamba hapa Uganda sheria ya taasisi za fedha ilirekebishwa mwaka 2016 ili kuruhusu huduma za kibenki za Kiislamu, na mwaka 2023 Benki Kuu ikatoa leseni ya kwanza kwa benki ya aina hiyo. Njia isiyo na riba ipo kisheria. Lakini mwenye kuingia nawe katika ushirika au kukununulia bidhaa kwa murabaha atataka kuona mpango wako kwa ukali zaidi kuliko mkopeshaji wa riba, kwa kuwa yeye anabeba sehemu ya hatari.

Msimdanganye. Katika mipango ile sita niliona mauzo yanayopanda kila mwezi bila kushuka hata mara moja, utadhani chuo hakifungwi wala kuku haugui. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Unapomwandikia mjomba wako mpango, na wewe unauza. Unamuuzia matumaini, basi mbainishie na kasoro zake: "Miezi hii miwili tutapata hasara, na hivi ndivyo tutakavyoikabili." Mjomba akikataa baada ya kusoma sentensi hiyo, umemkinga yeye na fedha yake, na umeukinga udugu wenu.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE DARSA

1. Stesheneri inauza nakala moja kwa shilingi 100. Karatasi na wino vinagharimu 60 kwa nakala, na gharama za kudumu ni 360,000 kwa mwezi. Ni nakala ngapi zinatakiwa ili kusiwe na faida wala hasara? Na kwa siku 24 za kazi, ni ngapi kwa siku?
2. Dada ametoa 2,000,000 kwa mdogo wake afuge kuku, kwa sharti kwamba kila mwezi amtumie 100,000 na mtaji usipotee. Je, huu ni mudharaba? Urekebisheni uwe sahihi.
3. Washirika wawili wametoa 600,000 na 400,000, na wote wanafanya kazi sawa. Wamepata faida 300,000. Igawanyeni kwa rai ya Shafii. Kisha elezeni wangeweza kukubaliana nini kwa rai ya Hanafi.
4. Chukua biashara moja ya familia yako. Uliza kwa adabu maswali matano ya sehemu ya 5. Ni majibu mangapi yako kwenye maandishi?

Ndugu zangu, baada ya miezi michache wengi wetu tutatoka hapa na shahada mkononi, na tutapokea fedha zilizotokana na kuuza ng'ombe, kiwanja, au kanga za mama. Zile ni amana. Kabla hujazipokea, chukua karatasi, ijibu ile sehemu ya (f), na wewe na mwenye mali muitie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Itakuchukua jioni moja.

Tunamuomba Allah (S.W.) aturuzuku riziki za halali, abariki mikono ya wanaofanya kazi na mifuko ya wanaotuamini, na azilinde jamaa zetu zisifarakane kwa ajili ya mali. Aamin.

Wabillaahi tawfiq.